Jina Nililomnong'oneza Mwanangu

Wanangu mliokaa hapo na vichanga vyenu, endeleeni kunyonyesha, msinijali. Nimezeeka, nachoka upesi, lakini haya nitayasema.

Nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu. Mimi, mume wangu na mama yake tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha Ujamaa, upande wa Usinge, nikilima shamba la kijiji nikiwa na mimba. Uchungu uliponishika, zahanati yetu ilikuwa bado kuta tupu. Niliteseka mpaka nikachanika. Mtoto alitoka rangi ya zambarau, amelegea, kimya. Mkunga alimpulizia, wanawake wakagonga ungo karibu na sikio lake ili ashtuke. Alipovuta pumzi hakulia, alikoroma tu.

Lori la tumbaku lilitupeleka hospitali, Tabora mjini, damu ikinitoka njia nzima. Huko degedege ikamwanza: mikono inakakamaa, macho yanapinduka. Wakamtoboa kisigino, wakachukua damu.

Nikamuuliza daktari, "Damu inasemaje? Mwanangu atatembea?"

"Mama, inasema sukari imeshuka, hiyo tutampa. Ubongo ulikosa hewa. Umeumia kiasi gani, damu haituambii. Tungoje."

Tungoje! Neno hilo lilinichosha kuliko uchungu wenyewe.

Kitovu kilipodondoka, tukiwa bado hospitali, mama mkwe akaja kutuona, nikamwomba ampe jina. Tulikuwa tumekubaliana, akiwa wa kiume atarithi la babu yake marehemu, Maganga, mrina asali. Mama mkwe akamtazama mtoto na mrija wa maziwa puani, akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Maganga nimeshamzika. Sina nguvu ya kumzika tena."

Sikumlaumu. Lakini niliumia, jamani!

Basi nikawa nakamua maziwa, nesi anayatia kwenye mrija kidogo kidogo, nami namnong'oneza: Maganga, vuta pumzi. Maganga, usiniache. Degedege ikaisha, akanyonya, tukarudi kijijini. Wote walimwita Mtoto, basi. Shingo ilichelewa kukaza, kukaa kukachelewa. Wenzake wanakimbia, yeye bado namfunga mgongoni kwenda shamba. Mgongo huu haujapona mpaka leo.

Siku moja mama mkwe alikuwa anapepeta mtama, anaongea na marehemu mumewe kama kawaida yake. "Ee Maganga, ungekuwepo ungemwona mjukuu wako."

Mtoto akageuka. Akashika kinu, akainuka, akaburuta mguu wa kulia mpaka kwa bibi yake, akamng'ang'ania kanga. Ungo ukamdondoka bibi, mtama chini.

"We! Nani kamfundisha jina hili?"

"Mimi, mama. Tangu hospitali."

Akampakata, akalia. "Basi ni lake. Maganga, nisamehe."

Maganga ni mtu mzima sasa. Mguu bado anauburuta, maneno yanatoka polepole, na mizinga ya nyuki anachonga mwenyewe. Namshukuru Mungu, na manesi wale waliokesha naye.

Nasikia siku hizi wataalamu wanatafuta kwenye damu ya kichanga dalili za kuonyesha ubongo umeumia kiasi gani. Heri yenu. Wakubalieni wapime, wasikilizeni. Lakini hata wakikuambia mabaya, mwanangu, wewe mwite jina lake. Anasikia.