Msalaba wa Nyasi Mlangoni

Masista wa Kiairishi hapa Kilburn, Ulaya, wana hosteli ya wasafiri wenye mfuko mwepesi. Mimi ndiye mfagiaji wao, na nalala humo humo. Juu ya mlango wametundika msalaba wa nyasi, uliosukwa kwao Ireland. Juzi alifika mama Mkongomani, kaja kumwangalia dada yake aliyelazwa, hana pengine pa kulala. Kuuona tu, akarudisha mguu nje.

"Mama, hii ni dawa ya mufumu! Siingie."

Nikamtafsiria sista mzee kwamba mama anaona ni dawa ya mganga. Akacheka. "Mwambie bibi yangu alisuka kama huo kila mwaka, nyumba isiungue."

"Unaona? Dawa!"

Akasimama anawaza, mvua inamnyeshea begi. Mwisho akatoa kichupa cha mafuta yaliyoombewa na mchungaji wake, akapaka miimo yote miwili ya mlango, ndipo akaingia.

"Na hayo ya nini?" sista akauliza.

"Ya kulinda nyumba."

Sista akatikisa kichwa kukubali, akampa ufunguo. Wameelewana hao.

Nikabaki mimi na kitambaa changu mkononi. Mafuta sijayafuta mpaka leo, wala msalaba sijaugusa. Jiko letu lile si la kuliamini.