Chakula cha Siku ya Matengenezo

Tangu Wilkista afunge ndoa katika kanisa la Kilutheri, baba yake, mzee Wakhungu, katekista wa zamani wa Kikatoliki kule Bumula, hakuwahi kula nyumbani kwake Kitale. Walikutana matangani na kwenye harusi za ndugu, wakasalimiana, basi. Kwa hiyo mzee alipotuma habari kwamba angepitia kwake Jumapili baada ya misa, Wilkista alichinja jogoo mapema, akasonga ugali wa wimbi, na firigisi akaitenga kwenye kisahani chake, kama mgeni wa heshima anavyostahili. Mzee alikuwa amekonda sana. Huenda nafasi nyingine isingepatikana.

Alichosahau ni kwamba ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo Walutheri huadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Mumewe, Hillary, alirudi kutoka kanisani akiwa bado na nyimbo mdomoni, akaombea chakula, akamshukuru Mungu kwa Matengenezo yaliyolirudishia kanisa Neno lake.

Mzee hakuitikia amina. Alikisukuma kando kisahani cha firigisi, taratibu.

"Hillary mwanangu, siku hiyo sisi tunaiita Mfarakano. Watu wa nyumba moja walitengana. Sasa nyinyi mnaichinjia kuku?"

Hillary alijibu kwa adabu kwamba nyumba ilikuwa inavuja, na waliopanda kuiezeka walifukuzwa pamoja na ngazi yao.

"Ati kuezeka," mzee alisema. "Anayeezeka hahami. Si mlijenga yenu?"

Hakuna aliyepandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Wilkista. Ugomvi angejua kuutuliza. Alimsihi baba yake aonje walau mchuzi. Mzee akamwambia hana kinyongo naye, ila msiba hauliwi kwa shangwe. Akanywa maji, akaomba fimbo yake.

Alifariki Februari. Kwenye misa ya mazishi, Bumula, shangazi na binamu walipanga foleni kwenda kupokea komunyo. Wilkista, ambaye kama Mlutheri hakuruhusiwa tena kuipokea, alibaki kwenye benchi, Hillary kando yake.

"Nisamehe," Hillary alinong'ona. "Siku ile ningeomba tu kawaida, ninyamaze."

"Ungenyamaza, angekula," Wilkista alisema. "Na bado leo tungeketi hapa."

Akavuta miguu ndani ili wengine wapite.