Unga wa Plamu za Bibi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya matunda lilikuwa usafi. Nililikumbuka juzi sokoni Mwembesongo, nilipomwona kijana akipangusa plamu moja moja kwa pindo la fulana yake ili zing'ae mbele ya wateja. Nilitamani kumshika mkono. Sikumshika, mimi ni mtu wa kuwaza jambo mpaka nafasi yake ipite. Ila nilicheka peke yangu njia nzima, na wewe utanielewa nikikusimulia.

Nililelewa na bibi mzaa mama, huko juu Mgeta, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni na mbuzi utamsikia kabla hujamwona. Plamu zetu huiva mwisho wa mwaka, mvua zikiwa zimeanza. Siku ilifunguliwa kwa chai ya rangi na magimbi ya kuchemsha, kisha tunaingia chini ya miti kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia kwenye shimo refu. Inzi wa matunda hutaga mayai ndani ya tunda. Ukiliacha chini, funza wake ndio inzi wako wa siku zijazo. Bibi hakuwa na dawa ya kupulizia. Alikuwa na jembe, shimo, na sisi wajukuu. Mpaka leo harufu ya plamu zilizochacha hunikumbusha vidole vyangu vya asubuhi, vyekundu na vyenye kunata.

Mwaka ninaoukumbuka mvua zilizidi. Matunda yalipasuka yakiwa bado mtini, na inzi wakapata mlango. Mjomba alichoka. Kwetu Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno zito, na neno lake lilikuwa kukata miti apande kabichi.

"Mama, hapa unafuga inzi," alisema.

"Na kabichi zako zikiingiwa na viwavi tumwite nani, mganga?"

Walibishana jioni nzima, kisha wakakubaliana: mnunuzi akichukua mzigo msimu ule, miti ibaki. Akiukataa, mjomba ataingia na shoka.

Hakuna aliyenipa mimi jukumu lolote, lakini nililibeba. Niliipenda ile miti kuliko shule. Siku ya kuvuna, bibi alipokwenda kisimani, nilikaa na tenga zima nikapangusa plamu zote kwa kipande cha kanga kuukuu. Nilisugua ule ukungu mweupe kama unga ulio juu ya ganda mpaka kila tunda likang'aa kama kiatu cha mwalimu wetu. Nilifurahi sana.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa mjini, mcheshi, aliyenunua mlimani na kwenda kuuzia abiria wa mabasi pale Dumila.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Aliokota plamu moja, akaigeuza, akaokota nyingine. "Bibi, haya matunda umeyaogesha? Unga wake uko wapi?"

Bibi akaangalia tenga, kisha akaangalia kitambaa changu kilichogeuka zambarau. "Muulize mume wangu huyu," alisema, maana ndivyo alivyoniita. "Anapenda usafi kuliko bibi harusi."

Mnunuzi alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini tenga aliliacha. Wateja wake, alieleza, huuangalia unga ule kwanza. Plamu isiyo na unga imeshikwashikwa, imelala sokoni, na kweli haichukui siku nyingi kabla ya kuoza. "Nitarudi soko lijalo, bibi. Mkiniogeshea tena, nanunua kabichi."

Mjomba alisikia. Alikwenda nyuma ya nyumba akaanza kunoa shoka. Nilikwenda kumwambia bibi kwamba nimeua miti yake.

"Umeua tenga moja," alisema. "Matunda ya juu hayajaiva. Na wewe ni mwepesi."

Basi wiki ile alinifundisha kuchuma upya. Unashika kikonyo, hushiki tunda. Unazungusha kidogo, linakuja lenyewe. Lenye kitobo cha inzi linakwenda shimoni hata likiwa zuri kiasi gani, na hilo liliniuma, maana mengine yalikuwa mazuri kweli. Yaliyobaki niliyalaza kwenye majani makavu ya mgomba kama mayai. Bibi alisimama chini, mikono kiunoni, akinipigia kelele: "Taratibu, mume wangu! Hilo halikimbii!"

Mnunuzi aliporudi, mjomba naye alikuja akasimama pembeni. Yule mama alipasua plamu moja, akatafuta funza. Akapasua nyingine. Ya tatu aliila, maji yakamchuruzika kidevuni, akamwambia bibi, "Nisaidie kujitwisha tenga."

Mjomba ndiye aliyemtwisha. Kisha akamtazama bibi. "Haya mama. Kabichi nitapanda bondeni."

"Nani alikukataza?" bibi akajibu, na wote wakacheka.

Bibi hayupo tena. Wajukuu wenzangu wako mijini, na asubuhi chini ya miti kuna ukimya ambao sikuuzoea utotoni. Mvua hazina ratiba kama zamani, kwa hiyo mimi, niliyejifunza kilimo hiki kwa kuharibu na kuuliza, huamka na wasiwasi kila maua yanapotoka. Inzi bado wapo. Siku hizi tunawatega pia kwa chupa zenye chambo, na mnunuzi hupiga simu kabla ya kupanda mlima. Mjomba amezeeka. Mwaka huu amepanda miche ya plamu kule bondeni, katikati ya kabichi zake, na hakuniuliza.