Mimba ya Maji ya Dripu

Siku ile ilianza kama siku nyingine. Senga, yaani shangazi yangu, alikuwa mkekani akimenya matoke, nami nikimsumbua kwa maswali. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikazurura Kisumu, Nairobi hadi Mombasa, kisha nikarudi kwetu Luwero, Uganda, na Kiswahili kingi na nguo chache.

"Unauliza kama karani wa mahakama," alisema. "Menya."

Kabla matoke hayajaiva, muuguzi wa misheni alipita mlango wa nyuma na mifuko sita ya dripu. Waasi walikuwa msituni, ng'ambo ya daraja, na majeruhi wao walikuwa wakifa. Mmoja wao alikuwa Musoke, mtoto wa Senga. Darajani wanajeshi wa serikali walikuwa wameweka kizuizi.

Senga alinifunga mifuko ile tumboni kwa shuka, akanivalisha gomesi yake, vazi letu la heshima, akakaza mshipi. Nikawa na mimba ya miezi minane.

"Tembea kama mtu aliyechoka. Hapa si Mombasa."

Tulipofika kizuizini nilisimama wima nikawasalimu askari, nikiwanyooshea mkono.

Hapo nilikosea. Kwetu mwanamke aliyevaa gomesi hupiga magoti anaposalimia, na mimi kuzurura kulikuwa kumenisahaulisha.

Mkubwa wao aliinua bunduki kidogo.

"Wewe mama. Gomesi iko. Magoti iko wapi?"

Senga akanizaba kofi. "Mombasa imemharibu huyu! Piga magoti!"

Nikapiga magoti, kwa nguvu mno.

Kitu kikapasuka.

Maji yakashuka mapajani, yakaingia mavumbini mbele ya buti zake.

Sikuthubutu kuinua uso.

"Yoo! Anazaa!" Senga akapiga kelele. "Anazaa hapa hapa! Wewe mkubwa, weka hiyo bunduki, njoo umpokee mtoto!"

Askari yule akarudi nyuma hadi akajikwaa. "Toa yeye hapa! Enda! Enda!" Mwenzake akatuinulia gogo la kizuizi, uso ameugeuzia mtoni.

Niligumia hadi tulipopita kona. Hapo Senga akakaa chini kwenye migomba, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mifuko mitano ilifika. Musoke akapona. Mimi nilibaki msituni nikifunga watu vidonda, mpaka malaria iliponitoa. Nikapelekwa Nairobi, na kutoka Nairobi, kwa kutotulia kwangu kulekule, nikajikuta Stockholm.

Vita vilipokwisha, na upande wetu umeshinda, nilikuwa Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, na theluji ilikuwa magotini. Waganda tulikodi ukumbi karibu na kituo cha treni ili tusherehekee. Nilivaa gomesi chini ya koti zito, nikamwalika Rosa, jirani yangu kutoka Chile, ambaye naye aliwakimbia wanajeshi wa kwao. Alikijua kisa changu. Nilimsimulia kwa Kiswidi kibovu tukisubiri mashine za kufulia.

"Wapiganaji wakae mbele!" mwenyekiti akatangaza.

Wanaume wakasogea, hata wale waliopigana vita kwa simu.

"Dada, chai," mmoja akaniita.

Nikachukua birika, lakini Rosa akaninyang'anya. "Nenda ukakae," akaniambia.

Nikaenda.

"Dada, hapa ni pa wapiganaji," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo maana nimekuja. Sogea, kaka. Na uniletee kiti cha pili."

"Cha nani tena?"

Nikawaambia. Niliwasimulia daraja, magoti na maji. Ukumbi mzima ukacheka, wanawake wakapiga vigelegele mpaka madirisha yakatetemeka. Kisha nikawaambia yaliyobaki. Senga alirudi darajani na msichana mwingine, na mimba nyingine. Askari yule alikuwa zamuni. Alimkumbuka Senga, akamuuliza mjukuu yuko wapi, akataka kumwona. Msichana aliponyoka, akatuletea habari hizo. Hatukumwona Senga tena. Musoke ametafuta kaburi na hajalipata.

Mwenyekiti alikileta kile kiti mwenyewe, akakiweka mstari wa mbele, katikati.

Tulicheza sana siku ile. Tulikuwa tumeshinda, na mpaka leo nikikumbuka ninafurahi. Dripu zile zilimrudisha Musoke na wengine, na wako hai. Aliyezipitisha hayupo, na furaha yangu haijawahi kulifunika hilo.

Lakini kabla ya ngoma, kabla sijakaa, nilikigeukia kile kiti kitupu, nikakipigia magoti polepole. Safari hii hakuna aliyenikumbusha.