Uzito Uliojirudia

Nilikuja likizo Katoro na namba moja ambayo wenzangu wa maabara, huko ng'ambo, walisubiri niikubali kabla ya jioni ili ichapishwe. Ilikuwa uzito wa kiini cha atomi kilichojaa nyutroni kupita kawaida. Kiini cha namna hiyo hakiishi hata sekunde moja, kwa hiyo hakiwekwi kwenye mizani. Tunakinasa ndani ya sumaku kali, kinazunguka. Kilicho kizito huzunguka polepole zaidi, na mwendo huo ndio unaotupa uzito wake. Dhahabu yenyewe ilizaliwa kupitia viini vya ukoo huo, nyota zilipogongana.

Nilikaa na kompyuta dukani kwa mama, anayenunua dhahabu ya wachimbaji. Mchimbaji mmoja akaweka kipande chake mezani. Mama akakigeuza, akanyanyua chungu cha chuma chenye kifuniko ili akakichome tena uani.

"Mayu, hiyo imeshachomwa kule duarani, shimoni kwetu!" mchimbaji akalalamika.

"Basi ikioga mara ya pili haitaugua."

"Nimeipima kwa watu watatu, wote uzito ni pointi zilezile!"

"Hata wangekuwa kumi, baba. Zebaki mliyokamatia dhahabu, ikijificha ndani, nayo ina uzito, na mizani haijui kubagua. Itakudanganya vilevile kila mara."

Mchimbaji akacheka, akasema mama huyu angechoma hata pete ya ndoa. Mimi sikucheka. Namba yangu niliiamini kwa sababu hiyohiyo: ilijirudia.

Kiini kilekile chaweza kuwa kimetulia, au kimebeba nishati ya ziada. Na nishati hiyo ni uzito pia. Nikafungua vipimo vichache tulivyoviweka kando, ambamo viini viliachwa vizunguke muda mrefu zaidi, vizito vizidi kuachwa nyuma, hadi vingi vikafa njiani. Katika vipimo vyetu vya kawaida viini viliacha doa moja nene kwenye kifaa kinachoonyesha vilipofika. Hapa yalikuwa mawili, yamekaribiana sana. Tulikuwa tumepima mchanganyiko wa vilivyotulia na vyenye nishati ya ziada.

Nikamwandikia kiongozi wetu: msiichapishe.

Akajibu papo hapo: "Kazi ya miezi yote hiyo? Una hakika?"

"Nina hakika," nikaandika. "Namba ya kweli ni nyepesi kidogo kuliko hiyo, na tunaweza kuipata."

Nikasogeza kiti karibu na soketi, nikaanza kulipima doa jepesi peke yake.