Kopo la Kipofu na Kilema

Kabaso wa Nchelenge ni fundi wa mitumbwi, mutu wa mikono mizuri na mudomo mukubwa. Mwaka huu, uvuvi wa samaki bakubwa ulipofungwa na hakuna mwenye kutaka mutumbwi, alipata kazi ya kuchekesha: kulinda makopo.

Kazi ilikuwa ya Ireen, mwenye nyumba ya bageni. Kwa muchezo wa bageni, alificha makopo saba kando ya ziwa, toka bandari mpaka Kashikishi. Mugeni anafuata namba kwenye simu, anachungulia chini ya mawe, akipata kopo anaandika jina katika kakitabu, analirudisha, anaenda zake na furaha ya mutu aliyeua tembo. Batu bakubwa, na ndevu zao! Ndani ya kila kopo mulikaa sanamu mbili za muti, babili ba hadithi ambao kila mutoto wa ziwa anabajua: Mulevi na Kivuli chake, Mamba na Muganga wa Meno, Mapacha benye kuoa muke mumoja. Kabaso ndiye alibachonga. Kopo la saba lilikuwa la Kipofu mwenye kubeba Kilema, na hao alibapenda kupita bote.

"Kopo moja likipotea tena, Ba Kabaso," Ireen alimwambia, "kazi ninamupatia mwingine."

"Lipotee wapi? Mimi niko hapa!" Akajipiga kifua.

Jumamosi asubuhi, bageni toka Mansa bakiwa njiani, alipita kukagua. Makopo sita, salama. Chini ya jiwe la saba, muchanga mutupu. Aliinua jiwe, akainua na jiwe la jirani, akazunguka mutumbwi uliopinduliwa hapo karibu. Aliponyanyua kichwa, akaliona. Hatua ishirini tu, limejaa chisense, hao samaki badogo ba kukausha, mikononi mwa mama wa kitenge cha njano. Kopo limekuwa meda, kipimo cha soko! Pale pwani kopo zuri, lenye mudomo usiopinda, halikai bila kazi: bamama banapimia nalo samaki, bateja banaliamini.

Na yule mama alikuwa nani? Mama-mukwe wake.

Hapa, bandugu, ujanja wote wa dunia unaisha. Mwanaume wa huku hasogelei mama wa muke wake, hamutazami usoni, jina lake hata halitaji. Bakikutana njiani, yeye anaingia majani. Kabaso alijificha nyuma ya mutumbwi, akachuchumaa kama kuku aliyenyeshewa. Muke wake Florence, mwenye angeweza kumusemea, alikuwa kisiwani Chisenga mpaka kesho.

Akapita Pierrette, muchuuzi toka kambi ya bakimbizi ya Mantapala, anaenda kununua samaki.

"Mama Pierrette! Nisaidie. Lile kopo la buluu ni la kazi yangu."

"Si umuombe mwenyewe?"

"Ni mama wa muke yangu!"

"Ah bon! Fundi mukubwa hivi anaogopa mama wa kilo makumi ine!"

Lakini alienda, akaliomba kopo mbele ya bateja bote. Mama-mukwe alicheka, akajibu akitazama ziwa, maana yeye pia hawezi kumusemesha:

"Pierrette, ambia ule mutumbwi kwamba kopo niliokota chini ya jiwe. Mwenye akili anaficha kopo chini ya jiwe juu ya nini? Nitaliachia samaki bakiisha. Sanamu ziko salama ndani ya kapu yangu."

Bateja balimuzunguka mpaka kopo halikuonekana tena. Pierrette alibeba gunia lake, akaenda. Ndipo Ireen alifika na bageni, akamukuta Kabaso nyuma ya mutumbwi.

"Ba Kabaso, kopo liko wapi?"

Aseme nini? Kunyoosha kidole ni kumuita mama-mukwe mwizi katikati ya soko lake. Ule mudomo mukubwa ukachagua uongo:

"Nilipoteza, Madam."

Bageni baliinama juu ya simu zao. Ireen alinyoosha mukono, akamunyang'anya karatasi yake ya namba za makopo. "Basi. Kesho usikuje."

Balienda. Kabaso alibaki palepale amechuchumaa. Upande huu maji, upande ule njia ya kutoka inapita mbele ya mukeka anapouzia mama-mukwe, na chisense zake hazijauzwa hata nusu.