Ukuta wa Misumari wa Mzee Athumani

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nilipoingia stoo ya vipuri nikamkuta Mzee Athumani amesimama mbele ya ukuta mweupe, kofia yake mkononi. Nami nilijiona nimefanya kazi ya maana. Ujana una kiburi chake, na changu kilikuwa kimepigwa pasi.

Kilikuwa kiwanda cha mafuta ya kupikia kule Changamwe. Nilikuwa nimepewa ukubwa wa idara ya ununuzi na stoo, mwanamke wa miaka ishirini na minane, na kompyuta mpya ndiyo kwanza zimefika. Mzee Athumani, mtu wa Likoni, alikuwa msimamizi wa stoo ile tangu mimi sijaanza shule. Utaratibu wake ulikuwa huu: fundi hapewi kipuri kipya mpaka alete kile kilichokufa. Cha kale hutundikwa msumarini, pamoja na kikaratasi kinachosema kilitoka mashine gani na kilikufa kwa nini. Ukuta mzima ulijaa. Mimi niliona takataka tu.

Basi Jumamosi iliyotangulia, yeye akiwa mazikoni kwao, nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu akabeba vyote, ukuta na misumari yake ukapakwa chokaa. Tena barua ya kumhamishia getini ilikuwa mezani kwangu, yangoja sahihi.

"Shikamoo, mzee," nikasema Jumatatu ile.

"Marahaba, mwanangu." Akavaa kofia. "Umepaka vizuri."

Akaenda zake kuwahudumia mafundi.

Wiki iliyofuata gia ya pampu kubwa ikasagika ikawa vipande. Nikaagiza nyingine kwa namba iliyokuwa kwenye kompyuta. Ikaja, haikuingia. Kumbe mafundi walikwisha kuibadilisha pampu ile miaka mingi nyuma, na jambo hilo halikuandikwa popote ila kwenye kikaratasi kimoja msumarini. Kazi ikasimama. Meneja akatangaza kwamba ikifika kesho pampu haijazunguka, vibarua wote warudi makwao. Watu wenye watoto, mwanangu, kwa sababu ya chokaa yangu.

Nikamwendea Mzee Athumani na kumweleza. Wallahi, angeweza kukaa akanitazama nikizama. Alivua koti lake la kazi akasema, "Twende kwa huyo mnunuzi, inshallah hajauza." Tukapekua lundo la vyuma juani, mimi na viatu vyangu vya ofisini, mpaka adhuhuri. Akaitambua gia ya kale kwa waya wa shaba aliozoea kufungia vikaratasi vyake, na kikaratasi chenyewe kikasema ni ya pampu ile. Fundi wa kuchonga vyuma akatengeneza mfano wake, na kabla ya magharibi pampu ilikuwa inazunguka.

Meneja alipouliza ni nani aliyevitupa vile vya ukutani, mzee alinitangulia kujibu. "Ukuta ulikuwa wangu, bwana. Sikumweleza mkubwa wangu maana yake."

"Ni mimi," nikasema. "Niliondoa bila kuuliza." Machozi yalinitoka mbele yao, wala sioni haya kukuambia.

Tulipotoka nje ndipo aliponikaripia, kwa sauti ya chini. "Hukuniuliza, mwanangu. Ungeniuliza, ningekushikia ngazi."

Barua nikaichana. Tukavinunua tena vyuma vyote kwa yule mnunuzi, tukavirudisha ukutani, na kila baada ya chakula cha mchana tukaketi pamoja, yeye akinisomea vikaratasi, mimi nikiandika kwenye kompyuta. Baadaye akawa anaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, tena akawafundisha vijana waliotoka bara. Sijapata kuona mtu wa umri ule mwepesi wa kujifunza kama yeye. Siku tuliyomaliza, alipanda akaing'oa misumari kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Sasa wewe umepewa watu, na mageuzi yako mkononi mwako. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi usilete mapya, maana kompyuta zile zilitufaa sana. Nasema kabla hujaondoa kitu cha mtu, muulize kinafanya kazi gani, tena umuulize akiwepo, usingoje aende mazikoni. Anayejua sababu ya msumari ndiye atakayekusaidia kuung'oa.

Mola akupe ukubwa usioziba masikio, na akujaalie mzee kama wangu, wa kukukaripia kwa sauti ya chini. Amina.